Bafta ya Mwalimu Mohsin

Chumbageni, Tanga
3 Februari 1956

Kwa mpwa wangu Idarusi bin Sadalla,

Serikali ya Tanganyika imesimama juu ya nguzo tatu: Gavana, reli, na mimi. Gavana akiugua yuko msaidizi wake. Reli ikikatika watu watapanda magari. Lakini mwezi wa Disemba niliposhikwa na homa, barua za ofisi nzima ya Wilaya zililala juu ya meza siku nne, mpaka Bwana Shauri, mkuu wa Wilaya mwenyewe, akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema, "Mselem, tufanyeje?" Nikamwambia, "Subirini." Wakasubiri. Wako wanaosema Mselem ni tarishi tu, na baiskeli yenyewe ni ya Serikali. Waulize, nani hujua kilichomo ndani ya bahasha kabla ya yule aliyeandikiwa?

Mama yako hajambo. Amenipa barua yako nikaisoma. Nimefurahi kusikia kwamba huko chuoni mnafundishwa kusomesha watoto kwa mashine ya picha, maana kazi hiyo asili yake ni mimi. Lakini mstari wa mwisho umeniharibia chakula. Umeandika kwamba mkufunzi wa mashine hizo anaitwa Mohsin bin Hamed. Ni mrefu? Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto? Basi ndiye.

Sikiliza. Mwaka ishirini na mbili, Mjerumani amekwisha kuondoka, skuli yetu hapa Tanga ililetewa taa ya picha kutoka Ulaya. Ilikataa kuwaka. Iliwashinda Wazungu wawili na Mhindi fundi wa saa. Mimi, mtoto wa darasa la tatu, nikaomba uzi wa kushonea nyavu na mafuta ya nazi kijiko kimoja. Nilipomaliza, taa ikawaka hata nahodha wa meli bandarini akapiga honi, akidhani Serikali imejenga mnara mpya. Huyu Mohsin tulikuwa tukikaa dawati moja. Wivu ukamla. Akaja nyuma yangu, akakipiga kioo cha taa kwa kiwiko kikavunjika, kisha akaenda kwa mwalimu mkuu akasema ni mimi. Nikafukuzwa siku ile ile. Na ndiyo maana leo yeye ni mkufunzi na mimi nazunguka na mkoba. Ningekuwa inspekta mimi, Idarusi. Ungekuwa mpwa wa inspekta.

Kisasi changu kina miaka thelathini na minne. Mtu wa umri huo ana watoto.

Sasa Mungu amekutia wewe ndani ya nyumba ya adui. Usimwonyeshe uso mbaya. Jifunze mashine yake mpaka uijue kuliko yeye, na uniandikie kila kitu: anapenda nini, anaogopa nini, na siku gani atasimama mbele ya wakubwa. Siku hiyo tu ndiyo ninayoitaka.

Mjomba wako,
Mselem bin Uweso
Mkuu wa Barua, Ofisi ya Wilaya


Chuoni, njia ya Amani
19 Februari 1956

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili chooni, maana wenzangu ni wadaku. Ndiye huyo. Kovu lipo.

Umetaka habari zote. Wiki sita za kwanza hatukuigusa mashine. Alitupa sanduku la sabuni lililotobolewa tundu mbele, na kijiti kimetiwa ubavuni. Tukasimama mmoja mmoja mbele ya wenzetu, tukazungusha kijiti na kusema "picha ya kwanza", "picha ya pili", ukutani hapana kitu, nasi tufundishe kama kwamba ipo. Asiyeweza kuwafanya watu wauone mto bila picha, alisema, picha haitamsaidia.

Kisha ndipo alipoileta yenyewe. Huku hakuna umeme, kwa hiyo ndani huwashwa karabai. Mkanda wa picha unatiwa kichwa chini, la sivyo kila mtu ukutani anasimama kwa utosi. Eliudi, Mbondei tunayelala naye chumba kimoja, aliutia kinyume. Mwalimu Mohsin alimwona, akamwacha afundishe robo saa nzima somo la kunawa mikono, na maji yakipanda juu kurudi ndani ya birika. Alipomaliza akamwuliza, "Je, Eliudi, kwenu Muheza mito yote hupanda mlima?"

Anajua kazi yake, mjomba, sitakuficha. Lakini nami ananidhili. Siku ya kwanza aliita majina, akafika kwangu akauliza, "Wewe ni mpwa wa Mselem wa Chumbageni?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi usikae karibu na dirisha." Darasa likaangua kicheko, maana yule mtu hacheki abadani, hivyo wakaona lazima ni mzaha mkubwa. Sijui maana yake mpaka leo. Lakini kila akitaka kuiwasha mashine husema, "Idarusi, dirisha," nami nasimama kulifunga na kuja kukaa mbele kama mtoto wa chuo cha Kurani. Sasa chuo kizima naitwa Dirisha. Hata mpishi.

Siku unayoitaka ipo. Mwezi wa Juni tutakwenda skuli ya kijiji kimoja karibu na Ushongo. Inspekta atakuwapo, na wazazi wataalikwa. Siku ya kwanza Mwalimu Mohsin atatoa somo la mfano kwa mashine. Siku ya pili na ya tatu tutafundisha sisi, na hapo ndipo cheti kinapopatikana au kukosekana. Inspekta akipendezwa na somo lake, Mwalimu Mohsin atapewa ofisi huko Tanga, awe msimamizi wa vyombo vya kufundishia kwa Jimbo zima. Anaitaka ofisi hiyo. Ameshaanza kupunguza ndevu kila Ijumaa kwa mkasi mpya.

Mimi ndiye mtunza vyombo. Funguo za kabati ninazo.

Nataka naye achekwe mbele ya watu, mjomba. Nionyeshe njia.

Mpwa wako,
Idarusi


Chumbageni
4 Machi 1956

Kwa Idarusi, mwana wa dada yangu na jisu langu,

Njia ninayo. Niliiona nikiwa juu ya baiskeli, nikasimama katikati ya barabara, lori la mkonge likanipigia honi nikaliambia lisubiri.

Mashine haina kazi pasipo kitambaa cheupe cha kupokea picha. Wapwani ni watu gani, mwanangu? Watu wa pwani kitambaa cheupe wanakijua kazi yake. Mtoto wa miaka saba ukimwonyesha bafta, ataiangalia pindo. Ikiwa imepindwa na kushonwa, atasema hiyo ni kanzu. Ikiwa imechanwa kwa mkono, haikupindwa wala haikutiwa sindano, atanyamaza.

Basi nimenunua bafta ile pana. Nimeichana kwa mkono, kama inavyochanwa. Na kutoka upande nimechana vitambaa vitatu vyembamba, hivyo vya kufungia, ndivyo vitakavyofunga kitambaa kwenye boriti. Kisha nimeikunja pamoja na karafuu maiti nusu ratili, imo ndani ya sanduku langu mpaka Idi ipite. Ikifika kwako itakuwa imelewa.

Fikiri sasa. Chumba kimefungwa madirisha. Watu wamejaa. Karabai inachemsha hewa. Mohsin bin Hamed anasimama mbele ya inspekta na kovu lake, anasema, "Tazameni." Na harufu inapanda. Nani atatazama? Mzee wa kwanza atasema inna lillahi, wa pili atatafuta viatu vyake, na wanawake watatoka kama maji. Watasema mkufunzi ametufungia ndani na sanda. Inspekta atauliza kuna nini, na hakuna atakayemjibu. Ofisi yake itazikwa ndani ya hiyo bafta, na mimi nitakuwa hapa Chumbageni nakunywa kahawa.

Wewe hutaumia. Siku ya pili utatoa kitambaa cha chuo, useme kile cha jana kilikuja kwa makosa, nawe utaonekana mtu wa maana kuliko mwalimu wako. Kazi yako ni moja: siku ya kufunga mizigo, kitambaa cha chuo kisiwe juu.

Nimelaza kisasi hiki kwenye mto mmoja nami tangu ujana. Mkeo hujamwoa bado, lakini utakuja kujua kulala na kitu kisichokuacha ugeuke.

Mjomba wako,
Mselem bin Uweso


Chuoni
27 Mei 1956

Mjomba, shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri.

Furushi limefika. Nimelitia ndani ya sanduku langu, sanduku likatia harufu yake ndani ya chumba, chumba kikaitia ndani ya Eliudi. Siku tatu anapiga chafya na kuuliza, "Dirisha, nani amekufa?" Nimemwambia ni dawa ya nondo.

Safari ni tarehe kumi na saba Juni, somo la mfano ni kumi na nane. Niko tayari, lakini liko jambo nataka kukuuliza.

Juzi nilibaki peke yangu na Mwalimu Mohsin kusafisha kioo cha mashine. Alinionyesha kukipumulia kwanza, kisha kukifuta kwa duara kuanzia katikati. Alikuwa hana ukali siku hiyo. Akasema, "Mjomba wako alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Angeweza kazi hii." Nikamwuliza, kwa nini basi aliacha skuli? Akasema, "Ameniwekea sababu mdomoni miaka thelathini. Muulize yeye."

Mtu aliyekuvunjia kioo angesema hivyo? Nakuuliza kwa adabu. Ilikuwaje hasa?

Idarusi


Chumbageni
2 Juni 1956

Idarusi,

Umeanza kulainika. Ndivyo walivyo, anakupa neno tamu la mkono mwepesi ili mkono wenyewe ausahau.

Ilikuwaje? Nimekwisha kukuambia ilikuwaje. Taa ilipasuka. Moto ukashika dari ya makuti, watoto arubaini ndani, mwalimu mkuu amezimia. Mimi nikawatoa kwa dirishani mmoja mmoja, na mwalimu mkuu nikamtoa mgongoni, na alikuwa mtu wa ratili mia mbili na themanini. Kesho yake Mohsin akaandika barua akatia sahihi za watu, kwamba moto niliuwasha mimi. Kioo? Kioo kilikuwa siku nyingine. Unataka niandike kila kitu katika karatasi moja?

Nimekulea tangu baba yako alipotiwa kaburini. Viatu ulivyoendea chuoni ni vyangu. Sijakuomba kitu mpaka leo. Ukirudi nyuma, usiniite mjomba, niite tarishi kama wanavyoniita wengine.

Funga mizigo kama tulivyosema.

Mselem


Chuoni
20 Juni 1956

Mjomba,

Imefanyika, na aliyepatwa si yule uliyemtaka.

Inspekta alipofika Jumatatu alikataa somo la mfano. Alisema mkufunzi anamjua, anataka kuona mkufunzi amezaa nini. Akanyoosha kidole kwenye safu yetu, kikaanguka juu yangu. Somo lilikuwa maji ya kunywa na kuhara kwa watoto. Mkanda ninao, mashine imewekwa, wanawake wa kijiji wamekwisha kutoa mabuibui ya akiba kuzibia madirisha, watoto wamekaa chini, wazazi nyuma. Kitambaa cha chuo, kwa hofu kisije kikaonekana, nimekiacha chini ya godoro langu, maili hamsini mbali. Kulikuwa na bafta yako tu. Nikaifunga kwenye boriti kwa mikono yangu, kwa vile vitambaa vyako vitatu, nikiomba Mungu pua za watu zizibe.

Hazikuziba. Nilifika picha ya tatu. Mzee mmoja aligonga bakora yake akasema, "Hiki mmekitoa wapi?" Watu wakaanza kusimama. Ungefurahi hapo, ilikuwa kama ulivyoandika.

Lakini mbele alikuwapo mama mmoja, jina lake Asmahani. Alimzika binti yake siku nane kabla ya sisi kufika, kwa tumbo hilo hilo nililokuwa nikilisomesha. Jirani zake walimshika mkono wakamleta, wakamwambia njoo usikie, bado una wawili. Hakupiga kelele. Alikuja mbele, akafungua fundo la kwanza, na la pili, na la tatu. Akaikunja bafta ile vizuri, akakaa nayo mapajani. Picha ya mtoto anakunywa maji ikabaki inawaka ukutani na juu ya mgongo wake, nami sikujua kuizima. Nimejifunza miezi mitano kuizima.

Usinitumie kitu kingine.

Idarusi


Chuoni
24 Juni 1956

Kwa Bwana Mselem bin Uweso,

Assalaam aleikum. Sijakuandikia tangu tulipokuwa watoto, na leo nisingekuandikia kama si lazima.

Karatasi iliyofungia bafta niliikuta katika sanduku la vyombo. Mwandiko wako haukukua. Mpwa wako hakukutaja, alisema kosa ni lake, lakini nilipomwonyesha karatasi alilia. Kwa hiyo sina haja ya kukuuliza.

Nikueleze lililofuata, maana najua umekaa unalingoja. Watu walikuwa karibu kumtoa kijana yule nje kwa nguvu. Nikasimama nikawaambia sanda ile ni yangu. Nikasema mtu wa umri wangu hasafiri pasipo sanda yake, na kwamba imechanganyika na vyombo kwa uzembe wangu. Wakaniamini, kwa kuwa ndevu zangu zina mvi na neno lenyewe ni la heshima. Wengine waliniomba radhi. Bibi Asmahani tulimwachia kitambaa, hakuna aliyethubutu kumwomba.

Inspekta naye aliniamini. Ameandika kwamba mkufunzi anayechanganya mambo ya kaburi na vyombo vya Serikali hafai kupewa Jimbo. Ofisi ya Tanga amepewa mtu mwingine. Basi umeshinda, Mselem. Kahawa yako iko tayari.

Sasa yangu mimi.

Miaka thelathini na minne umenisimulia kila baraza kutoka Chumbageni mpaka Pangani. Mara nilivunja kioo, mara nilichoma skuli, mara niliandika barua ya uongo. Mama yangu Muzna, Mungu amrehemu, aliambiwa arusini, mbele ya wakwe zake, kwamba amezaa mchongezi. Alirudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia si kweli. Alikufa hajui amwamini nani, mimi au baraza. Nilinyamaza kwa sababu nami nina langu dogo katika jambo lile, na nalikiri hapa: ule mlio niliuanza mimi. Nilikuwa mtoto, na nilikosa. Na juu ya hilo dirisha, nimemdhihaki kijana kwa kosa la mjomba wake, na hapo pia nimekosa. Lakini mlio ni mlio. Wewe umenifanya mwongo.

Inspekta amekubali Idarusi arudie somo tarehe thelathini Julai, iwapo nitatia sahihi kwamba anafaa kusimama mbele ya watoto. Sahihi hiyo ni yangu peke yangu. Sitaitia mpaka nisome, kwa mwandiko wako, sababu ya wewe kuacha skuli. Usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, naye aniletee. Nimeijua sababu hiyo tangu siku ile, kwa hiyo usinichoshe na moto wala nahodha. Na ikifika tarehe thelathini barua haijaja, mpwa wako atarudi kwako bila cheti, na utakuwa umepata visasi viwili kwa bei ya kimoja.

Mohsin bin Hamed


Chumbageni
29 Juni 1956

Kwa Mohsin,

Mimi silazimishwi. Wamejaribu wakubwa kuliko wewe, nao wamerudi kwao Ulaya. Barua yako nimeiweka pamoja na karatasi za kuwashia jiko. Cheti cha mpwa wangu kitatoka, kwa kuwa nitasema neno moja kwa Bwana Shauri, na Bwana Shauri atasema moja kwa Gavana, na utajiona unafundisha mbuzi Handeni.

Juu ya mama yako, yeye alikuwa mtu mwema. Sikujua kama yalimfikia.

Mselem bin Uweso


Chuoni
9 Julai 1956

Mjomba, shikamoo.

Mwalimu Mohsin amenisomea barua uliyomwandikia. Hakucheka. Alisema, "Huyo ndiye," akaikunja.

Zimebaki wiki tatu. Wenzangu wote wana sahihi, hata Eliudi wa maji yanayopanda. Kila jioni naingia darasani peke yangu, naiwasha mashine na kuizima, naiwasha na kuizima.

Uliniambia kioo. Kisha ukaniambia moto. Sikuulizi tena lipi la kweli, nimechoka kuuliza. Nakuambia hili tu. Nikikosa cheti nitarudi Chumbageni na viatu vyako. Nitakuja barazani unapokaa, nitakaa karibu nawe kama mpwa mwenye adabu. Na kila utakapofungua mdomo kusema habari za Mohsin, nitakungoja umalize, kisha nitasimulia habari za Asmahani, tangu fundo la kwanza hata la tatu. Kila siku, mjomba. Mpaka mmoja wetu afe.

Kisasi nimefundishwa na wewe.

Idarusi


Chumbageni
17 Julai 1956

Kwa mpwa wangu Idarusi,

Jua kwanza kwamba barua hii naiandika kwa hiari yangu, na kwamba mtu aliyebeba barua za Serikali miaka kumi na tisa bila kupoteza hata moja, isipokuwa ile ya Korogwe ambayo aliila mbuzi, mtu huyo haogopi barua. Nimekaa nayo siku tano. Karatasi nne nimezichana.

Bwana Shauri sikumwambia kitu. Kusema kweli huwa hajui jina langu, huniita "wewe".

Skuli haikuungua. Wala dari haikuwa ya makuti, ilikuwa ya mabati. Taa ile ilikuwa inawaka vizuri tangu ilipotoka sandukuni, hapana fundi aliyeigusa. Mimi nilipewa kushika kibiriti, kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Hilo ni kweli, na Mohsin mwenyewe amelikubali, kwa hiyo liache hapo.

Mwalimu mkuu alitufungia madirisha, ila moja lililokuwa karibu nami lilikuwa na komeo bovu. Akatia picha ya mnyama. Sisi hatukuwahi kuona kitu cha namna ile. Ukuta ulikuwa ukuta, mara ukawa si ukuta, ukawa na macho. Nikaona yule mnyama ananitazama mimi, si Mohsin, si mtu mwingine, mimi, na kila taa ilipotikisika akawa kama anainuka. Nikatoka kwa dirishani. Kanzu ilinasa kwenye komeo nami sikuingoja. Nilitoka skuli mpaka Chumbageni kwa mbio, mchana kweupe, sina kitu mwilini ila kofia. Mama yako alikuwa mdogo, amekaa mlangoni anapepeta mchele. Akaniona, akahamisha ungo nipite. Hajamwambia mtu mpaka leo, wala mimi sijapata kumshukuru.

Mohsin aliniletea kanzu yangu jioni, ameikunja. Akanipa, akaniona uso wangu, akashindwa kujizuia, akatoa ule mlio, wa yule mnyama wa ukutani. Kesho yake nilipokaribia lango la skuli walikuwa wameupokea wote, darasa la kwanza hata la nne. Nikageuka pale pale. Nikamwambia mama nimefukuzwa, na aliponiuliza nani amenifukuzisha, jina lililokuwa mdomoni ni lake, maana ndilo lililonichoma. Siku ya pili nikalirudia. Siku ya tatu likawa kweli. Mtu akisema jambo miaka thelathini na minne, Idarusi, huwa analiona kabisa, na rangi yake.

Habari za yule mama wa Ushongo zimenikaa moyoni. Nimemwomba shehe amsomee mtoto.

Mpe Mwalimu Mohsin barua hii aisome. Mwambie katika baraza nimekwisha kusema kwamba hakuvunja kitu. Walinitazama sana. Hawakuuliza basi nani alivunja, nami sikuendelea.

Ameniambia nisimchoshe, na najua atasoma mpaka mstari wa mwisho kutafuta jambo moja. Katika zile karatasi nne nilizochana, mbili niliandika simba, moja chui, moja kifaru. Somo lilikuwa la maziwa. Alikuwa ng'ombe, Idarusi. Amelala. Hata pembe hakuwa nazo.

Mjomba wako,
Mselem bin Uweso